Mlima wa Mungu, ushuru wa watu, roho ya nani?

NDUGU msomaji, tarehe 3 Desemba 2023 ilikuwa Jumapili. Alfajiri ya siku hiyo jirani zetu wa Katesh waliamshwa na tope, mawe na magogo yaliyoshuka kutoka Mlima Hanang yakapita juu ya nyumba zao na maduka yao. Watu zaidi ya 80 walikufa. Siku hiyo hiyo, katika kisiwa cha Sumatra nchini Indonesia, mlima wa moto uitwao Marapi ulilipuka huku wapandaji wapatao 75 wakiwa mlimani. Ishirini na wanne hawakurudi makwao.

Misiba miwili, siku moja, milima miwili ya ukoo mmoja. Hanang ni volkano iliyolala. Siku ile haukutoka moto, ila mvua kubwa ilimegua sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu. Marapi wenyewe uko macho. Watu wa Katesh walikuwa majumbani kwao, hawakuwa na la kuchagua. Wale wa Marapi walikwenda kwa miguu yao, wakiwa wamejiandikisha na kuruhusiwa, ingawa tangu mwaka 2011 wataalamu walikuwa wameuweka mlima ule kwenye daraja la tahadhari na kushauri watu wakae kilometa 3 mbali na kreta.

Ushauri wa mtaalamu ulikuwa huku, kibali cha kupanda kule. Watu walifia katikati.

Sasa turudi nyumbani, maana na sisi tunao wetu ulio macho. Ni Oldonyo Lengai, wilayani Ngorongoro, kusini mwa Ziwa Natron. Wamasai wanauita Mlima wa Mungu, na kwao jina hilo si la kuvutia watalii. Kutoka hapa Mwankoko si safari ya kutisha. Basi la Arusha linakupitisha Katesh, Hanang ukiwa mkono wa kushoto, kisha Babati, Minjingu mpaka Makuyuni. Hapo unaiacha njia ya Arusha, unashika ya Mto wa Mbu, halafu unapanda kaskazini kupitia Engaruka mpaka kijiji cha Engare Sero. Ukibahatika magari, kesho yake unauona mlima umesimama peke yake kama pia iliyopinduliwa.

Vijana wetu njia hiyo wanaijua. Mji wa Singida unakunywa maji ya visima vya Mwankoko, lakini ajira haitoki kisimani. Alizeti ikikosa bei, kijana anakwenda Arusha na Moshi kutafuta mzigo wa kubeba. Wapo wanaoupata. Na wewe uliye Dar, Mwanza au Dodoma, ambaye hujawahi kubeba mzigo wa mgeni, tangu filamu ya Royal Tour ya mwaka 2022 umehimizwa usiku na mchana kufanya utalii wa ndani. Washikaji wanachangishana, wanakodi Noah au Coaster, wanapanda usiku, asubuhi picha zinatumwa. Jambo jema. Nchi ni yetu, kwa nini wazungu tu ndio waione?

Lakini tunauliza swali moja, na tutalirudia mpaka lijibiwe: ni nani hasa mwenye amri ya kusema "leo Lengai hapandwi", na akishasema, kijana aliyebeba mzigo atasikia wapi?

Wapo watakaocheka. Watasema hawa wa upinzani wameishiwa hoja, sasa wanagombana na mlima. Wacheke tu. Mlima hatuna ugomvi nao. Tunazungumza na wanaokaa chini yake wakikata risiti.

Kwanza uujue mlima wenyewe, maana wengi wanaudharau. Lengai una urefu wa meta 2,962 hivi, nusu tu ya Kilimanjaro, na hapo ndipo watu wanapoanza kuuchezea. Kilimanjaro unapandwa kwa siku tano, sita, na zaidi. Lengai unapandwa usiku mmoja. Unaanza kwenye saa sita usiku, unapanda kwa saa tano au sita ili ufike jua linapochomoza na ushuke kabla halijakuchoma. Njiani hakuna maji, hakuna mti wa kivuli. Ni majivu, changarawe na mawe yasiyoshika, na karibu na juu mteremko unasimama mpaka unatambaa kwa mikono. Kushuka ni kubaya kuliko kupanda. Magoti yamechoka, jua limetoka, na jiwe ulilolikanyaga wewe linamfuata mwenzako aliye chini.

Hiyo ni njia tu. Moto wa mlima huo ni hadithi nyingine, na hadithi yenyewe haina ndugu duniani leo. Volkano nyingi zinatoa lava nzito, nyekundu, yenye joto la nyuzi 1,000 na zaidi. Lengai unatoa lava ya ukoo wa magadi, ile wataalamu wanayoiita kabonatiti, yenye joto la nyuzi 500 hadi 600 hivi. Ni nyepesi. Inakimbia kama oili chafu iliyomwagwa gereji. Na mchana haing'ai! Kijana aliyeona volkano kwenye sinema anangoja wekundu, yeye anaona kitu cheusi kama tope. Ikishapigwa na unyevu inaanza kugeuka nyeupe kama chokaa, na mtu anasema imepoa, ngoja nisogee nipige picha. Juu limeshika ganda, chini haijulikani kuna nini. Maji ya chai yanachemka kwa nyuzi 100. Zidisha mara tano.

Mwaka 2007 mpagazi mmoja kijana wa Kimasai aliangukia kwenye lava hiyo ndani ya kreta. Aliungua vibaya, ila Mungu wa mlima ule akamwacha hai. Kumbuka, huyo hakuwa mgeni aliyekuja juzi na miwani ya jua. Alikuwa mwenyeji, mwenye mlima. Kama mwenye mlima aliteleza, wewe wa Kariakoo una kinga gani?

Mwaka huo huo wa 2007 una somo jingine. Tangu 1983 mlima ulikuwa umetulia kwa namna yake, ukimwaga lava polepole kwenye kreta mpaka ikajaa na mwaka 1998 ikaanza kufurika nje ya ukingo. Watu wakauzoea. Watalii walikuwa wakipiga mahema ndani ya kreta na kulala humo kama wako bustanini. Halafu Julai 2007 ardhi ikaanza kutetemeka. Tarehe 17 Julai tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilipiga eneo la Mlima Gelai, jirani na Lengai, na huko Nairobi watu walitoka mbio maghorofani. Wiki saba kamili baadaye, tarehe 4 Septemba 2007, Lengai ukalipuka. Majivu yakapanda angani kilometa kadhaa, na milipuko ikaendelea hadi mwaka 2008. Wafugaji walihama na mifugo yao kuyakimbia majivu yaliyofunika malisho. Na pale watalii walipokuwa wakilala, mlima ukaacha shimo lenye kina cha zaidi ya meta 100, kuta zake zimesimama wima.

Mlima ulitoa notisi ya wiki saba. Wenye nyumba wengi wa mjini hawakupi notisi ndefu hivyo. Na haikuwa mara ya kwanza kulipuka: ulifanya hivyo mwaka 1917, ukafanya 1940 na 1941, ukafanya 1966 na 1967. Hakuna anayejua tarehe ya mara nyingine, ila hakuna mwenye akili timamu anayesema haitakuwapo.

Hapa ndipo tunapotaka msomaji ukae vizuri.

Mlima huu unapimwa. Tangu mwaka 2016 kuna vituo vya kupimia vilivyowekwa kuuzunguka kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu Ardhi cha Dar es Salaam, Chuo Kikuu cha Virginia Tech cha Marekani na taasisi ya jiolojia ya Korea Kusini. Vinapokea ishara za setilaiti na kusoma kama ardhi imeinuka au imeshuka hata kwa milimeta, na vipimo vinasafiri wakati huo huo kwenda kwa watafiti. Kazi nzuri, na Watanzania wamo. Mwaka 2024 watafiti wa mradi huo walichapisha matokeo: mwaka 2022 ardhi ya Lengai ilianza kuinuka kwa kasi isiyo ya kawaida, ikaendelea kuinuka hadi mwaka 2023. Kwa lugha ya kijiweni, mlima ulivimba.

Kuvimba si lazima kulipuka. Mlima unaweza kuvimba ukanywea, na asitokee mtu wa kupiga kelele barabarani kwa jambo ambalo hata wataalamu wanalipima kwa uangalifu. Sisi hatutaki kelele. Tunakuuliza wewe msomaji: habari hiyo uliisikia redio gani? Uliisoma ubao gani, kwa Kiswahili au kwa Kimaa? Katika miezi ile ambayo mlima ulikuwa unavimba, ulikuwa unapandwa. Setilaiti ilijua, kompyuta ya ng'ambo ilijua. Yule kijana aliyekuwa anatangulia na tochi saa nane za usiku, mzigo mgongoni, nani alimnong'oneza?

Elimu ikifungiwa kwenye jarida la Kiingereza, kwa mpagazi ni sawa na dawa iliyofungiwa stoo ya hospitali. Ipo, imeandikwa kwenye vitabu vya hesabu, mgonjwa anakufa.

Tuje kwenye risiti. Kilimanjaro ni hifadhi ya taifa, mwenyewe anajulikana. Tarehe 4 Januari 2006 mawe yaliporomoka kwenye njia ya Western Breach na kuua wapandaji watatu kutoka Marekani. KINAPA wakaifunga njia ile. Ilikaa imefungwa karibu miaka miwili, ikachunguzwa, ikafunguliwa mwishoni mwa 2007 kwa masharti. Ukipenda uwalaumu KINAPA kwa mengine, lakini siku ile palikuwa na mtu mwenye kufuli na ufunguo.

Lengai si hifadhi ya taifa. Ukanda wa Ziwa Natron kwa miaka mingi umejulikana kisheria kama pori tengefu, na mapori tengefu yana mamlaka yake ya wanyamapori. Ardhi ina kijiji, na kijiji kina serikali yake. Halmashauri za wilaya zina malango yao ya ushuru barabarani. Aprili 2018 UNESCO ikaipa Ngorongoro na Lengai hadhi ya jiopaki ya dunia, yaani eneo la urithi wa miamba na milima, ya kwanza kusini mwa Sahara, na Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro ikawa mlezi wake. Taasisi ya Jiolojia iko Dodoma, chini ya wizara ya madini. Na maafa yana sheria yake mpya, Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022, inayoweka kamati kuanzia taifa mpaka kijijini.

Umehesabu? Wenye mlima ni wengi kuliko warithi wa nyumba ya Kariakoo. Kila mmoja ana muhuri. Wakati wa kupokea, kila mkono unafika. Mgeni analipa getini, analipa tena mbele, analipa kijijini, analipa anayemwongoza. Hatusemi ni wizi, risiti zinatolewa. Tunasema hivi: mtu akichukua ushuru wa daraja, daraja likitikisika ni kazi yake kuweka gogo barabarani. Kama hana uwezo wa kuweka gogo, basi asikae pale na kitabu cha risiti.

Usije ukadhani wenzetu wa nchi tajiri wametoka salama katika hili. New Zealand ni nchi yenye vyombo vya kila aina. Novemba 2019 wataalamu wake walipandisha daraja la tahadhari la volkano ya kisiwa cha Whakaari. Safari za watalii hazikusimama. Tarehe 9 Desemba 2019 kisiwa kililipuka kikiwa na watu 47. Walikufa 22, wawili kati yao waongoza wageni waliokuwa kazini. Kilichokosekana hapo hakikuwa kipimo. Kilichokosekana ni mtu wa kusimama gatini na kusema leo boti haiondoki.

Ndugu zetu wa Goma wamejifunza kwa uchungu zaidi. Nyiragongo ulimwaga lava mwaka 1977, ukaingia mjini mwaka 2002, ukarudi tarehe 22 Mei 2021 ukaua watu zaidi ya 30 na kuwatoa mamia ya maelfu makwao. Goma wana kituo chao cha kuchunguza volkano, kinachofahamika tangu zamani. Lakini ufadhili wake ulikatika mwaka 2020, wataalamu wakafika mahali pa kukosa hata fedha ya intaneti ya kuleta vipimo ofisini. Mlima haukuwasubiri wafadhili. Na mwaka 2007, Julai ile ile ya matetemeko yetu, mtalii mmoja kutoka Hong Kong alianguka ndani ya kreta ya Nyiragongo akafa. Ukingo wa kreta haujali umetoka nchi gani.

Tuwe waungwana na tuusikie upande wa pili. Kijana wa Engare Sero atatuambia: nyie waandishi mkipiga kelele, mlima utafungwa, mimi nitakula nini? Ana haki ya kuuliza. Mlima ule ndio duka lake. Akifungiwa duka bila maelezo, hakuna atakayemletea unga. Na wananchi wa Ngorongoro na Loliondo wana jeraha bichi la ardhi. Yaliyotokea Loliondo Juni 2022, wakati wa kuweka vigingi, hayajasahaulika. Kwa hiyo tunasema mapema na kwa sauti: neno "usalama" lisije likageuzwa fimbo mpya ya kuwafukuza wenyeji. Wao ndio walioujua mlima kabla ya setilaiti. Kamati yoyote ya kufunga na kufungua Lengai isiyokuwa na wazee na waongozaji wa Engare Sero kwenye meza ni kamati ya posho.

Na kufunga kwa siku kumi kwa sababu inayoeleweka si kuua duka. Linaloua duka ni maiti za wageni kwenye televisheni za dunia. Waulizeni wenye mahoteli wa Goma.

Sasa wewe kijana unayebeba mzigo, au unayefikiria kwenda kuubeba. Wagumu mnajiita, na kweli ni wagumu. Mgeni ana bima, ameikata kwao kabla hajapanda ndege. Akivunjika mguu kuna simu ya kupiga na helikopta ya kuulizia. Wewe je? Ukiungua saa kumi na moja alfajiri juu ya kreta, utashushwa kwa mabega ya wenzako, na kutoka kijijini hadi Mto wa Mbu ni zaidi ya kilometa 100 za njia ambayo kwa miaka mingi imekuwa ya vumbi na mawe. Kisha utalipwa nini? Pole, na mchango wa washikaji.

Lakini sheria ipo! Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ni ya mwaka 2008, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulianza kazi mwaka 2015. Mwajiri anapaswa kujisajili na kuchangia, na fedha hiyo hatakiwi kuikata kwenye mshahara wako. Ukiumia kazini, mfuko unalipia matibabu na fidia. Ukifa, wanaokutegemea wanalipwa. Tatizo ni kwamba mpagazi anaokotwa stendi asubuhi, hana mkataba, jina lake limeandikwa nyuma ya pakiti ya sigara kama limeandikwa kabisa. Siku ya ajali bosi anasema huyu simjui, alikuja mwenyewe. Basi kabla hujaweka mzigo begani, muulize mbele ya wenzako: bosi, umetuandikisha Mfuko wa Fidia? Atakuita mkorofi. Afadhali kuitwa mkorofi ukiwa na miguu miwili.

Tunalolidai si kubwa na wala halihitaji mfadhili wa Korea. Tunadai itamkwe rasmi, kwa jina la ofisi na cheo, ni nani mwenye kufuli la Lengai. Tunadai vipimo vya vile vituo vifasiriwe na Taasisi ya Jiolojia na Chuo cha Ardhi viwe sentensi tatu za Kiswahili na Kimaa, zibandikwe kila wiki pale pale risiti inapokatwa, kwa rangi hata mtoto aelewe: kijani panda, njano usikaribie kreta, nyekundu rudi nyumbani. Ubao na chaki. Halmashauri inayoweza kujenga geti inashindwa ubao? Tunadai daftari la waliopanda na saa waliyotakiwa kurudi, ili asiporudi mtu aanze kutafutwa mchana ule ule. Na sehemu ya ushuru ibaki kijijini inunue machela, kofia ngumu, redio za mawasiliano na dawa za majeraha ya moto, zikae mahali panapofunguka saa tisa usiku, si kwenye kabati ambalo ufunguo wake umekwenda semina Arusha.

Haya mengine ni ya kwako wewe unayekwenda mwezi huu, maana mlima haungoji kikao. Panda na mwongozaji wa Engare Sero, si rafiki aliyewahi kufika mara moja. Muulize ameupanda lini mara ya mwisho na aliona nini, na akisita kujibu, elewa. Chukua maji lita 3 au zaidi, viatu vinavyoshika, kofia ngumu, tochi ya kichwani na betri za akiba. Usipande mvua ikinyesha, kwa sababu korongo linaloonekana kavu ndilo njia ya maji. Ardhi ikitetemeka, au mngurumo na harufu ya gesi vikazidi vile mwongozaji alivyovizoea, geuka hata kama umebakiza hatua mia moja na umelipa kila senti. Juu kule usisimame kwenye mdomo wa shimo, chini yake unaweza kuwa hewa. Usishuke ndani ya kreta hata ukionyeshwa picha za watu waliowahi kushuka. Walishuka kreta ile ya zamani, na hiyo haipo tena tangu 2007.

Na risiti zako zote usizitupe. Ziweke pamoja, kata kwa kata, lango kwa lango. Andika nyuma ya kila moja kama aliyekukatia alikuambia neno lolote kuhusu hali ya mlima siku hiyo. Ukirudi mjini, tuletee nakala. Tutazichapisha ukurasa huu huu, majina ya vijana waliokuwa zamu yakifichwa na majina ya ofisi yakiachwa wazi.